Mita Haipandi Yenyewe

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo situlii kitini. Nakusimulia kwa sababu naona kidole chako hakiondoki kwenye simu, nawe wajigamba kwamba umegundua siri ya kamari.

Mimi pia niligundua. Miaka ya tisini nilikuwa nikipakia magunia Changamwe, na roho yangu yote ilikuwa Likoni kwa Zuhura, binti wa Mzee Bakari. Nilitaka mahari, tena upesi. Basi kila Jumamosi mchana nilipitia nyumba moja ya kamari kisiwani kusoma mita. Mita ni namba za taa juu ya mashine zilizoonyesha zawadi kubwa, nazo zilipanda kidogo kila mtu alipotia sarafu. Kibao kilisema lazima zawadi itoke kabla namba hazijafika elfu ishirini. Mita ikiwa chini, ungemaliza sarafu zako bure. Ikikaribia ukomo, hesabu iligeuka, na aliyeketi wakati huo ndiye aliyekula. Wajinga walicheza siku yoyote. Mimi nilingoja, nikienda mlangoni na kurudi.

Siku hiyo aliyeketi alikuwa Onyango, mpakizi mwenzangu, mtu wa bara na rafiki yangu wa kweli. Alikuja na mshahara wake mfukoni. Akageuka akaniuliza, "Salim, niache ama niendelee?"

Namba zilikuwa hazijafika nilipotaka. Nikamwambia, "Endelea, ndugu yangu, yakaribia."

Akaendelea. Alipoinuka hakuwa na hata nauli, nami nikaketi kabla kiti hakijapoa. Haukupita muda, mashine ikalia, sarafu zikamwagika. Cha mlevi huliwa na mgema, nikacheka moyoni.

Lakini mwenye pupa hadiriki kula tamu. Badala ya kutuma wazee kama ilivyo ada yetu, nilivuka feri jioni ile ile nikajipeleka mwenyewe. Mzee Bakari aliitikia shikamoo yangu, akauliza, "Pesa hizi zatoka wapi?"

Nikamweleza yote, hata ya Onyango, kwa majivuno wallahi. "Si kamari, mzee, ni hesabu."

"Na hizo namba, nani azipandishaye?"

Mzee hakunifukuza, aligeukia pazia akamwuliza bintiye aliyekuwa nyuma yake kama aridhia. Kwetu mwari akiulizwa hunyamaza, na kimya chake ndicho idhini. Nilikingoja kile kimya. Zuhura akanena.

"Baba, rafikiye alimwuliza aache au aendelee, naye akamwambia endelea. Mimi siku nikimwuliza, ataniambia nini?"

Aliolewa na mwingine, mtaa wa Shika Adabu. Pesa nilimpelekea Onyango. Alizipokea, lakini salamu yangu hakuijibu tena.

Mwanangu, sikwambii hesabu yako ni mbovu. Yangu ilikuwa sawa, na hilo ndilo liniumizalo. Ila popote faida yako ingojapo mwenzio aishiwe, inuka utoke. Na akikugeukia akuulize, mwambie kweli, hata ikikukosesha. Mungu akutulize moyo, akupe riziki isiyo na kilio cha mtu ndani yake, na yule utakayempenda akiulizwa habari zako, anyamaze. Amin.