Taa za Watu Wasiokuwepo

Jua likizama, Mama Funguo huanza kuwasha taa. Huanza na sebule, maana ndiyo inayoonekana kutoka barabarani, kisha jikoni, ambako hufungua na redio kwa sauti ya chini. Taarifa ya habari ikiisha huizima redio pamoja na taa ya jikoni, hupanda ngazi, huwasha ya chumba kikubwa cha kulala na kuvuta pazia nusu. Huvuta maji kwenye kila choo, kwa kuwa choo kisichotumika hukauka na kurudisha harufu ndani. Mwisho huteremka, hufunga mlango wa nyuma na kwenda zake kulala katika chumba cha uani, penye kitanda kimoja, jiko la mafuta na msumari ukutani wa kutundikia funguo.

Nyumba ile haina mtu. Wenyewe wanaishi ng'ambo, na tangu walipopita mara ya mwisho, kwa wiki moja, hata mche wa limau alioupanda nyuma ya jikoni umeshazaa. Lakini nyumba yenye giza huwaita wezi, na siku alipoajiriwa mama mwenye nyumba alimwambia jambo moja, kwa upole, akiwa amemshika mkono: "Mtu akikuuliza, sema tupo. Awe jirani, awe ndugu yako wa tumbo moja. Siri ikishatoka haina mwenyewe."

Akaitunza. Akaitunza mpaka ikawa sehemu ya mwili wake. Hufua mashuka ambayo hayajalaliwa na kuyaanika mahali yanapoonekana. Huanika na shati moja la kiume, ambalo limepauka kwa kufuliwa tu, bila kuvaliwa. Watu wa bondeni, wakiinua macho na kuona nguo kambani mchana na taa madirishani jioni, husema, "Wale wa juu wanakula raha."

Yeye mwenyewe alizaliwa huko bondeni, kwa mama aliyefulia watu nguo. Mama alipofariki alimwachia mdogo wake wa kike, mtoto wa kubebwa mgongoni, na alimbeba kwelikweli, hata sokoni, hata shuleni kabla hajaiacha shule. Mtoto yule alianza kusema mapema na hakunyamaza tena, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Chiriku. Miaka ikapita, wote wawili wakaolewa. Mume wa Mama Funguo, dereva wa lori, alipofariki na kumwachia binti mmoja, kazi ya nyumba ya juu ikawa kama mlango uliofunguka ghafla.

Alizipokea funguo kutoka mkononi mwa aliyemtangulia, mzee mpole aliyekuwa amemlaza mpwa wake mgonjwa kwenye kochi la sebuleni. Binamu wa mwenye nyumba alikuwa amepita bila taarifa, akawakuta. Huyo binamu hupita hivyo hadi leo, na hapigi hodi. Mzee alitoka getini na godoro kichwani, akamwambia tu, "Kitasa cha nyuma kinataka kusukumwa kwanza, mwanangu, ndiyo kinafunguka." Mama Funguo hajasahau alivyolazimika kuinama godoro lipite. Na binti yake sasa yuko chuo cha ualimu. Mshahara ule ndio karo yake, nauli yake na viatu vyake.

Chiriku alikuwa akija Jumapili, akikaa kwenye ngazi ya uani, hapiti hapo.

"Dada, wewe ndiye tajiri pekee ninayemjua anayelala na jembe."

"Acha utani wako, watakusikia."

"Wasikie! Mwombe huyo mama yako anigawie hata mwanga. Taa zote zile, ana macho mangapi?"

Dada mtu alicheka, akatazama chini.

Msimu ule mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Asubuhi moja Mama Funguo aliuzibua mfereji wa mbele, kama alivyoagizwa kufanya kila mvua inapokuja. Akakomba majani, akatoa mchanga, maji yakapata njia, yakateremka mbio kutoka kwenye nyua zote za juu zilizosakafiwa. Akasimama na reki yake, ameridhika, maana uwanja ulikuwa umekauka. Hakufikiria yanakokwenda. Au alifikiria kidogo, kisha akaingia ndani kukunja mashuka.

Mchana simu ikalia.

"Dada, usishtuke. Ukuta wa nyuma umelala chini, na kitanda changu kimejifunza kuogelea." Chiriku alikuwa anacheka, lakini meno yalikuwa yanagongana.

"Watoto?"

"Wazima. Tumeingizwa darasani, shule ya msingi, sisi na nusu ya mtaa. Baba yao bado yuko huko alikokwenda kutafuta kazi, simu haipatikani. Dada, ile stoo ya majembe, mwombe mama. Siku chache tu. Sitasikika."

"Wewe usisikike?"

"Nitajiziba mdomo na kanga."

"Ngoja nimwulize."

Akakata simu. Alikuwa amesimama jikoni, katikati ya nyumba yenye vyumba saba na vitanda vilivyotandikwa. Akaweka birika motoni, akaliangalia. Alimwona binamu akishuka kwenye gari bila kupiga hodi. Alijiona na godoro kichwani, na binti yake akirudi nyumbani na sanduku. Birika lilipochemka alipiga simu.

"Amekataa, mdogo wangu. Anasema ana wageni."

"Hata stoo?"

"Hata stoo."

"Haya," akasema. "Mwambie asante kwa kunisikiliza."

Asante hiyo ndiyo iliyomkosesha chakula. Angetukanwa angepumua.

Jioni ileile mama mwenye nyumba alipiga simu kutoka huko aliko. Alikuwa ameona habari za mafuriko.

"Nyumba iko salama?"

"Iko salama, mama."

"Maji hayakuingia?"

"Hayakuingia."

"Na kwenu je? Ndugu zako huko chini?"

Swali lilikuwa limefunguliwa wazi, mtu yeyote angeingia. Mama Funguo alishika simu kwa mikono miwili. Alijua kwamba akiomba na kukataliwa, kukataa huko kutakuwa na mwenyewe, na hataweza tena hata kujiambia, "Pengine." Alijua vilevile kwamba huenda angekubaliwa, na hilo lilimtisha zaidi, maana angekuwa amemsingizia mtu mwema.

"Wote tuko salama, mama."

"Mungu mkubwa," alisema yule mama, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli.

Siku zilizofuata alipeleka shuleni uji, sabuni, kanga zake mbili. Hakukaa muda mrefu. Alisingizia kazi nyingi za wageni. Uongo ukishalala kwako hutaka kulishwa. Kila jioni alipowasha taa alijua kwamba dirisha la darasa linatazama huku juu, na kwamba kila swichi anayobonyeza inamhakikishia mdogo wake kwamba wageni bado wapo.

Kisha Chiriku akaja mwenyewe, jioni, kabla giza halijashika. Alikuwa amevaa gauni la kuazima lililombana mabegani, nywele zimechanwa, na mgongoni alikuwa na mtoto wake wa mwisho, msichana wa miaka minne, mkubwa mno kubebwa. Alibebwa kwa sababu alikuwa anakohoa.

"Nimekuja kuongea na mama mwenyewe," alisema. "Mwanamke kwa mwanamke. Wewe unamwogopa, mimi simjui."

"Amepumzika."

"Nitasubiri. Akiamka amwone huyu, asikie hiki kifua. Akikataa basi, anikatae usoni."

Akakaa kwenye ngazi yake ya siku zote, akamteremsha mtoto mapajani. Mama Funguo alisema anakwenda kutazama kama ameamka. Aliingia ndani kupumua. Lakini ilikuwa saa yake ya taa, na mikono ina mazoea. Alikuwa ameshafika juu, ameshabonyeza swichi na kuvuta pazia nusu, ndipo akagundua alichofanya. Alisikia mtoto akiita kutoka uani:

"Ameamka! Mama, taa ya juu imewaka, ameamka!"

Aliposhuka alimkuta Chiriku amesimama, amenyoosha gauni, amefuta pua ya mtoto, na uso wake umejipanga kwa kuomba. Uso ule Mama Funguo alikuwa amewahi kuuona kwa mama yao, akiwa mlangoni mwa watu na kapu la nguo.

"Twende, dada."

"Ni mimi niliyewasha."

"Najua. Umemwashia. Twende."

"Hakuna mtu, Chiriku. Nimewasha tu. Ndiyo kazi yangu."

Akampisha mlangoni. Chiriku akaingia kwa mara ya kwanza. Akapita jikoni, ambako redio, iliyosahauliwa bila kuzimwa, ilikuwa inazungumza na meza tupu. Akaona sebule, makochi yamefunikwa mashuka meupe. Akapanda ngazi akiwa amemshika mtoto mkono, akafungua mlango mmoja, mwingine, na mwingine, kila kitanda na mito yake miwili. Dada yake alimfuata nyuma kama mtu anayesubiri kupigwa.

Kwenye bafu la juu Chiriku alifungua bomba, akangoja, akaweka kidole.

"Ya moto," alisema. Akamnawisha mtoto uso, shingo na mikono taratibu, akamfuta kwa upindo wa gauni la kuazima, si kwa taulo lililotundikwa pale. "Kwa hiyo ninayemlaani kila siku mbele ya wanangu hayupo."

"Hayupo. Sikumwuliza."

"Stoo?"

"Sikumwuliza hata stoo."

Mama Funguo aliushika ukingo wa sinki. "Walete watoto. Nendeni mkachukue vitu vyenu, mlale humu leo. Likitokea la kutokea, litokee."

Chiriku akamtazama kwenye kioo. Kile alichotaka kusema kilipita usoni mwake, dada yake akakiona kikipita.

"Ufukuzwe, uje ubanane nasi darasani?" alisema hatimaye. "Umenenepa, dada, huenei. Na mtoto wa watu aache chuo? Ungeniambia siku ile, ningekuja na kukaa gizani, nikakutukana mpaka nichoke, yakaisha. Sasa nimeshazoea pale." Akafunga bomba vizuri, akalikaza. "Mchukue huyu tu. Alale kwako uani mpaka kifua kipone. Hilo unaliweza?"

"Naliweza."

"Haya."

Aliondoka bila kuaga kwa maneno yake mengi. Getini aligeuka, akatazama madirisha, akatikisa kichwa, akashuka.

Kesho yake Mama Funguo alipeleka uji shuleni akakuta mazungumzo yamepamba moto. Mwanamke mmoja alikuwa anauliza kwa nini dada mtu mwenye geti kubwa asiwasitiri wenzake.

"Dada yangu?" Chiriku alidakia. "Dada yangu alimpigia magoti yule mama! Kwa macho yangu nilimwona. Yule mama ana roho ya jiwe, amekaa kwenye kochi jeupe na wageni wake, hata shingo hakugeuza."

"Pole, mama," wakamwambia Mama Funguo, mmoja baada ya mwingine, wakipokea uji. "Pole sana. Kufanya kazi kwa mtu wa namna hiyo!"

Alitafuta macho ya mdogo wake. Chiriku alikuwa ameinama, anagawa vikombe.

Jioni ikaja, na taa zikamngoja. Mtoto alikuwa ameamka, kifua kikiwa na nafuu kidogo, hakutaka kuachwa peke yake uani, kwa hiyo akamfuata ndani ameshika kanga yake. Sebule, kisha jikoni. Redio. Ngazi. Katika kila mlango mtoto alisimama, kwa kuwa alikuwa amefundishwa adabu, akagonga kwa ngumi yake ndogo.

"Hodi."

Akangoja, ameinua uso kumtazama mama yake mkubwa.

"Mama mkubwa, mbona hawaitikii?"

Mama Funguo aliweka kidole kwenye swichi. Kule bondeni alikuwepo mtu mmoja aliyejua taa ile ni ya nani, naye alikuwa ameamua kunyamaza. Akaibonyeza. Chumba kikawaka, kitanda kikaonekana, mito miwili, shuka limenyooshwa bila kunyanzi. Mtoto alibaki pale kizingitini, hakuingia, akagonga tena.

"Hodi."