Gari Jekundu Ndani ya Debe la Unga

Mume wangu alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari pale Mfaranyaki. Jioni, nyumbani kwetu Msamala, alitengeneza magari madogo ya mashindano, yale ya zamani yenye pua ndefu na kiti kimoja kilicho wazi. Aliyaiga kutoka kwenye picha ya kalenda. Bodi alizikata kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, ekseli zilikuwa spoku za baiskeli, matairi aliyachonga kwenye kandambili chakavu. Gari moja lilimchukua miezi. Watu walikuja kuyanunua hata kutoka Tunduru, lakini sita alikataa kuyauza. La saba lilikuwa jekundu. Alifariki likiwa na magurudumu matatu.

Kwetu, siku ya arobaini vitu vya marehemu huwekwa mkekani, na dada yake mkubwa ndiye anayegawa. Mjane hachagui, anapokea anachopewa. Mashati niliweza kuyaachia, hata baiskeli. Gari lile jekundu sikuweza. Asubuhi, kabla ndugu hawajafika, nililifukia ndani ya debe la unga.

Magari sita yalipokwisha kugawanywa, wifi akauliza, "Na lile jekundu?"

Nikasema sijui.

Mtani wetu, Mhehe aliyefanya kazi gereji moja na mume wangu, alikuwa amevaa ovaroli ya marehemu na kuburuta mguu kama yeye, ndivyo watani wafanyavyo msibani. Akaingia jikoni.

"Mke wangu!" akaita kwa sauti ya kukwaruza kama ya marehemu. "Gari langu liko wapi? Huku niliko natembea kwa miguu, wenzangu wananicheka!"

Akafunua sufuria, akafunua ndoo, mwisho debe. Akatoka na gari, jeupe pe kwa unga.

"Loo! Kumbe Wangoni mnasonga ugali wa magari!"

Watu walicheka hadi kushika mbavu. Mimi nikasimama.

"Wifi, nisamehe. Nimelificha mimi, halafu nikakudanganya. Nilikuwa nalitaka."

Mtani akadakia, "Nimelikamata, ni langu. Mnalikomboa, au naondoka nalo Iringa?"

"Tulikomboe kwa kitu gani, mwizi wewe?" wifi akamuuliza.

"Gurudumu la nne. Alifunge mjane mwenyewe. Akishindwa, nalichukua."

Alichokamata mtani huwa cha yule anayekikomboa. Wifi alilijua hilo, akanigeukia. "Haya wifi, kalete kisu."

Nilikuwa nimemwangalia mume wangu miaka yote, ila kisu chake sikuwahi kukishika. Nikavua kandambili yangu, nikakata.

"Hilo tairi au andazi?" mtani akauliza.

Nikakata la pili. Likaingia kwenye spoku, likazunguka.

Sasa liko juu ya kabati langu. Linavuta kushoto, upande wa gurudumu langu. Wifi akija hulisukuma mezani, kila mara linapinda na kumwangukia mapajani, tukacheka.