Kamba Aliyouziwa Mwangi

Naomba ukurasa huu unifichie jina langu, na majina yote nitakayoyataja nimeyabadilisha. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, nimeolewa, nina watoto watatu, na tunaishi mtaa wa Jericho, Nairobi, kwenye nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji. Nauza mboga sokoni. Nawaandikia kwa sababu yule niliyezoea kumwambia mambo yangu ndiye sasa asiyenisalimia.

Mume wangu, Baba Nafula, kazi yake ilikuwa mlima. Alianza kwa kuwabebea wazungu mizigo Mlima Kenya, baadaye wakamfundisha kupanda majabali kwa kamba. Safari yake ya mwisho, kamba mpya walijifunga wenyewe, yeye wakampa ya zamani. Ilikatika akishuka, akaangukia mawe, na mguu wake wa kushoto haujanyooka hadi leo. Nilipokuwa nikishinda naye hospitalini, watoto wangu walilishwa na kulazwa na jirani na rafiki yangu, Mama Mwangi, ambaye meza yake sokoni ilikuwa karibu na yangu. Sijawahi kumsikia akinikumbusha wema huo.

Wageni wale walipokuwa wakirudi kwao hawakutaka kulipia mizigo kwenye ndege. Wakatuletea magunia mawili ya vifaa vilivyotumika: makoti mazito ya baridi, mifuko ya kulalia, viatu vya kupandia, jiko dogo la mafuta, na kamba moja ndefu ya bluu, si ile iliyokatika. Kiongozi wao akasema, "Pole sana, rafiki. Uza hivi, vitakusaidia."

Basi tukauza. Mfuko mmoja wa kulalia ulichukuliwa na mlinzi wa kiwanda huko Mukuru, makoti yakaenda kwa makanga wa matatu na wauza maziwa. Kamba ndiyo iliyobaki. Siku moja mume wangu alinishika mkono akanipapasisha sehemu fulani ya kamba ile. Nje ilikuwa nzima, ndani laini, kama mfupa uliovunjika chini ya ngozi.

"Jiwe liliiangukia hapa," akaniambia. "Hii sasa ni ya kufungia mbuzi. Si ya mtu."

Nilimsikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Mwezi uliopita nilirudi kutoka sokoni nikakuta baiskeli imeegemezwa ukutani. Ni ya Mwangi, kifungua mimba wa Mama Mwangi, kijana wa miaka ishirini na mbili. Amepata nafasi ya kwenda kufanya kazi mlimani mvua zikikatika, na huko mwenye kamba yake huchukuliwa kwanza. Alikuwa ametoa baiskeli, akapewa kamba.

Nikamuuliza mume wangu, "Umemwonyesha pale palipoharibika?"

"Si wewe unalia kila siku shingo inauma kwa kubeba mboga? Baiskeli ndiyo hiyo."

Nilishindwa kulimeza. Jumapili tulipotoka kanisani nilikwenda kwa Mama Mwangi nikasema yote, yeye na kijana wake wakisikia. Mama Mwangi akaniuliza,

"Mama Nafula, mmejuta? Mnataka kamba yenu irudi?"

Mwangi akaileta. Nikaanza kuitafuta ile sehemu. Kamba ni ndefu, na vidole vyangu vimezoea kukata sukumawiki. Nilipapasa, nikarudia, jasho likanitoka, sikuipata. Mwangi akaenda kumwita mume wangu.

Alikuja na mkongojo wake, akaketi, akaipitisha kamba yote mikononi polepole, sote tukimtazama. Mahali fulani kidole gumba chake kilisita. Nilikiona. Kisha kikaendelea.

"Iko sawa," akasema. "Huyu mama hapendi kuona mtoto wa mwenzake akienda mbele. Wachaneni na yeye."

Mama Mwangi alinifungulia mlango nitoke.

Tulipofika nyumbani nililia mbele ya mume wangu. "Huyo ni mtoto aliyekuwa anakuchotea maji ukiwa huwezi kusimama!"

Aliutazama mguu wake. Kisha akasema, "Na mimi nani alinionyesha? Wale walijua kamba imechoka. Walijua, na wakanifunga nayo. Nani aliniambia, Baba Nafula, usishuke?"

"Lakini si Mwangi aliyekufunga."

"Ukilitaja tena, urudi kwa baba yako. Watoto wabaki hapa."

Wasomaji, nimeishi na mtu huyu miaka kumi na mitatu. Nilimwosha vidonda. Nilidhani mlima ulichukua mguu tu.

Siku hizi sokoni naitwa mwenye kijicho. Mama Mwangi amehamishia meza yake upande wa pili, na wateja wangu wengine wamemfuata. Kijana anapita na kamba begani, watoto wa mtaa wakimshangilia, na akiniona anageuza uso. Nimefikiria kuingia kwao mchana nikaikate vipande, waniite mwizi, waniite mchawi. Nimefikiria pia kunyamaza, maana nimesema na sikusikizwa. Yote mawili yananishinda.

Jana kanisani walitangaza ibada ya kumuaga Mwangi. Mume wangu ameombwa asimame amwekee mikono na kumbariki, kama mtu aliyeujua mlima. Amekubali.

Nishaurini, ninyi mnaosoma. Nifanye nini kabla ya siku hiyo?