Mtungi wa Mama Mkwe

Jamani, mpaka leo nikipita Nachingwea natamani kujifunika uso, ingawa walioniona siku ile wengi wameshatangulia mbele ya haki. Nilikuwa kijana kutoka Mandawa, miaka ile ya mashamba makubwa ya karanga, nimepata kazi ya kukagua mbu: kaptura ya kaki, pampu ya mafuta mgongoni, chaki mfukoni (na maringo, tusifichane). Masika tulimwagia mafuta madimbwi, na harufu ile bado naikumbuka kwa raha. Kiangazi madimbwi yakikauka mbu walihamia majumbani, kwenye mitungi, kwa hiyo tuliingia mpaka uani, tukachungulia maji, na nyumba iliyo safi tukaitia alama ya chaki mlangoni.

Sasa nyumba moja ilikuwa ya kina Somoe, mchumba wangu, posa imeshapokelewa na mjomba wake. Mtungi wao ulikaa bafuni, na mimi nichungulie bafu la mama mkwe kwa macho gani? Kwetu hata njia moja hupiti naye. Nikatia chaki, nikapita zangu. Wiki ya pili vivyo hivyo, ya tatu nilichora huku nimegeuza shingo.

Wiki ya nne bwana afya, mkubwa wangu, akaja kuhakiki kazi yangu, akaingia mle akatoka na mtungi wenyewe, akauweka barazani, akaniita nitazame mbele ya majirani. Ulikuwa umejaa viluwiluwi (kumbe walikuwa wanaongeza maji tu, hawaumwagi), vinacheza ngoma humo. Akaniamuru nimwage. Nikamwaga, na ndipo mama mkwe aliposema kutoka nyuma ya mlango, taratibu kabisa:

"Mwanangu, maji hayo aliyateka Somoe. Leo siku ya tano yuko kitandani na homa. Nani atakwenda kisimani?"

Basi nikaenda mimi, na kaptura yangu, mtungi kichwani, maji yakinimwagikia njia nzima wakati wa kurudi, wanawake wa kisimani wamekaa chini kwa kicheko, mmoja akiniuliza nimechezwa unyago kwa nani.

Somoe alipona, nashukuru sana. Lakini mjomba wake aliirudisha posa. Hakunifokea, alinikalisha tu akasema, "Wewe una adabu, hilo sikatai. Ila mpwa wangu ameumwa, na kazi yako ilikuwa kuchungulia." Mwaka uliofuata Somoe akaolewa kijiji cha Chunyu, na mimi nililia, sioni aibu kusema.

Kazi ile niliendelea nayo miaka mingi, nikajiapiza kwamba nyumba ya mtu ninayemwonea haya ndiyo nitakayoanza nayo asubuhi, nichungulie kila chombo mpaka wanichukie. Na wengine walinichukia kweli, wakiwa wazima wa afya.