Gaidi Aliyeamkiwa

Kwa miaka thelathini mzee huyu alifundisha hesabu. Alipostaafu, kiwanja cha ndege kilimpa kazi ya ugaidi. Baada ya kitisho cha bomu cha mwaka uliopita, wakubwa walitaka kujua kama walinzi wao wanakagua au wamesimama tu. Basi mara mbili kwa wiki mzee alijifunga bomu la bandia tumboni, akavaa koti, akapanga foleni kama abiria. Mlinzi aliyempitisha alifukuzwa kazi.

Alikwishapita mara kumi na moja. Ujanja hakuwa nao. Alikuwa na mvi na kikohozi. Mashine ililia, mlinzi akasema, "Shikamoo, mzee. Huo ni mkanda tu, pita." Mzee akaitikia marahaba, akapita na bomu lake.

Jumatatu moja alipangiwa mlango wa nne. Mlinzi wa hapo alikuwa mke wa mwanawe, mwenye watoto watatu na mume asiye na kazi. Mzee alikuwa amekula kiapo cha siri. Nyumbani walidhani anasahihisha mitihani. Aliomba abadilishiwe mlango. Mkubwa wake akamuuliza kama magaidi nao huomba.

Mashine ikalia.

"Shikamoo, baba! Unasafiri hata kuaga hakuna?"

"Marahaba, mama. Dharura tu. Ni huu mkanda."

Alisema hivyo kwa kuwa kazi ilimtaka aseme, huku akiomba asiaminiwe.

Nyuma yake mtu akafoka, "Dada, mwache babu wa watu apite, ndege haitusubiri!"

"Basi kaiendeshe wewe," mkwe akamjibu. "Baba, inua mikono."

"Hata mimi?"

"Usinitie aibu mbele za watu, baba. Inua."

Alimpapasa akiangalia pembeni, kama anayetafuta funguo kwenye mfuko usio wake. Vidole vikakuta waya. Akapiga yowe, akabonyeza kengele, na askari wawili wakamlaza mwalimu wa hesabu kifudifudi.

"Baba, nani kakutuma?" mkwe alilia.

"Mkubwa wako," alijibu mzee, shavu likiwa kwenye vigae. "Na umefaulu."

Kazi ya mkwe ikabaki. Ya mzee ikaisha siku hiyo hiyo, maana gaidi anayejulikana na foleni nzima hana faida kwa mtu. Wiki mbili mkwe hakumsemesha. Ya tatu alimletea chai, akauliza, bila kumtazama, kama mbavu bado zinauma.

"Zinauma sana, mama," alisema mzee, kwa fahari.