Moto wa Wakanaani

Kuna harufu moja ambayo hata leo ikinipata nasimama. Si harufu ya moto, wala si ya moshi hasa. Ni ile harufu kali ya majivu yenye jasho, inayotoka ukifunika makaa yakiwa bado mekundu, ukaja kufunua baadaye ukakuta yamekuwa meusi. Majuzi niliisikia jikoni kwangu mjini Homa Bay. Mimi ni mshonaji wa sare za shule na kwa kipato changu siwezi kuchezea makaa, kwa hiyo nilikuwa nimelifunika jiko niokoe ya chai ya jioni. Nilipofunua, harufu ile ikanipanda puani, nikawa na miaka tisa tena, nimepakata chungu juu ya lori.

Wacha niwasimulie, maana jambo hili nimelibeba muda mrefu, na mtu pekee wa nyumbani aliyelijua pamoja nami, mama yangu, tulimzika mwaka juzi.

Kwetu kwa asili ni upande wa Asumbi. Baba alikuwa katekista, mtu mwembamba mwenye sauti nene kuliko mwili wake. Shamba la babu liligawiwa wana saba, na kipande cha baba kilikuwa kidogo hivi kwamba ukisimama mlangoni ukatema mate, umetemea kwa ndugu. Ugomvi wa mipaka haukuisha. Kuku akivuka, maneno. Mtoto akichuma pera, maneno. Basi baba alipokuwa akitufundisha habari za wana wa Israeli jangwani, sauti yake ilibadilika. Alikuwa anajisimulia yeye mwenyewe.

Siku moja yeye na baba yetu mdogo walikwenda kusini, upande wa Migori, mpakani mwa Waluo na Wakuria, kutazama shamba lililokuwa linauzwa. Walirudi na mkungu mmoja wa ndizi wameutundika kwenye mti, mmoja kaushika mbele na mwingine nyuma. Baba mdogo aliapa kwamba angeweza kuubeba kichwani peke yake na mkono mmoja ukabaki wa kujikuna. Lakini baba hakukubali. Alitaka tuwaone wale wapelelezi wa Musa waliorudi kutoka Kanaani na kichala cha zabibu mtini.

"Nimeiona Kanaani kwa macho yangu," alisema, huku akiwa bado ameushika mti begani.

Nyanya yetu, ambaye sisi tulimwita Dani, alikuwa akichambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Nchi nzuri haikosi mwenyewe," alisema. "Mmemuuliza?"

"Nimenunua, Mama. Nina karatasi."

"Mimi sikuuliza karatasi."

Sasa, kwetu Waluo mtu haamki tu akahama na magodoro yake. Boma jipya lina utaratibu wake. Baba hushika jogoo. Mwana wa kwanza wa kiume hushika shoka. Mama hubeba moto kutoka nyumba ya zamani. Nyumba ya kwanza isimame siku hiyohiyo, na moto ule uwake ndani yake kabla giza halijaingia. Ukikosea, boma halishiki, na wazee walikuwa na orodha ndefu ya mabaya ya kufuata ambayo walipenda kuitaja mbele ya watoto.

Asubuhi ya kuhama Dani mwenyewe alichota makaa kwenye mafiga yake, akayaweka ndani ya chungu juu ya majivu, akatia na kinyesi kikavu cha ng'ombe ili yawe na chakula cha njiani. Alikuwa anatoa machozi, akisingizia moshi.

Tulipanda lori lililokuwa limebeba mahindi. Baba alikaa mbele na dereva, jogoo mapajani. Kaka yangu Ochieng alisimama nyuma na shoka lake, amejaa majivuno mpaka hakutaka kusema nasi. Mama alikuwa mjamzito, na kabla hatujafika mbali alianza kutapika. Akanipa chungu.

"Atieno, kifuniko ukiache wazi kidogo. Moto nao hupumua."

Nilisikia. Naapa nilisikia. Lakini tulipopita Rongo mvua ilishuka, ile ya matone mazito, na upepo ukawa unaingia kila upande. Nikaona tone moja linaanguka karibu na mdomo wa chungu. Nikasema, loo, huu moto utakufa mikononi mwangu! Nikakibana kifuniko. Kisha nikavua sweta langu nikakizungushia pale kifuniko kinapokutana na chungu, nikakikumbatia chote kifuani kama mtoto. Nilikuwa nimeloa chapachapa, natetemeka, na najiona shujaa. Chungu kilikuwa na joto. Baadaye joto likapungua, nikadhani ni mimi niliyezoea.

Tulipofika, baba zetu wadogo waliotangulia tangu usiku wa kuamkia siku hiyo walikuwa wameshasimamisha nguzo na wanaezeka nyasi. Mvua ilikuwa imekatika. Baba alikuwa anazunguka na jogoo wake akiimba. Mama akanivuta nyuma ya rundo la vitanda, akafunua chungu, na ile harufu ikatoka.

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Aliketi tu chini kwenye matope, mikono juu ya tumbo.

"Baba yako atakufa," alisema.

Alimaanisha aibu, alimaanisha uchungu. Lakini nilikuwa na miaka tisa, na mama hakuwa mtu wa mizaha. Nikajua nimemuua baba.

"Kiberiti kipo," nilisema nikilia. "Si tuwashe tu, nani atajua?"

"Moto wa kiberiti hauna kwao, Atieno. Moto wa boma lazima utoke kwa watu." Alinyanyua macho. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na boma, na juu ya paa lake moshi. "Wale ni Wakuria. Mimi Kiswahili changu ni cha kuuza nyanya. Wewe umekisoma shuleni. Nenda ukaombe, na usipite mbele ya baba yako."

Nilikichukua chungu, nikashuka, nikavuka kijito karibu na chemchemi, nikapanda. Mwanamke mrefu alikuwa anapukuchua mahindi, binti yake wa rika langu kando yake. Baadaye nilijua binti anaitwa Robi, na mama ni Mama Robi. Nikasimama wima kama mbele ya mwalimu mkuu.

"Shikamoo mama. Ninaomba unisaidie moto, tafadhali."

Robi akacheka. Katika sehemu zetu shikamoo ilikuwa ya vitabuni.

"Kwani nyinyi hamna kiberiti?" Mama Robi aliuliza.

"Tunacho. Lakini moto wa kiberiti hauna kwao."

Akaacha mahindi, akanitazama vizuri. "Hiyo ni kweli kabisa. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mtoto wa wale wanaojenga. Mungu amempa baba shamba. Baba anasema hapa ndipo Kanaani."

"Ehe! Kanaani! Na sisi tuliokuwa hapa, tunaitwa nani?"

Nilikuwa mwanafunzi bora wa katekisimu. Swali nililijua, na jibu nikalitoa kwa sauti, bila kufikiri.

"Wakanaani."

Mama Robi alicheka mpaka punje zikamwagika mapajani. Kisha kicheko kikapungua polepole, akajipangusa macho kwa kiganja, akaniuliza kwa upole, "Na hao Wakanaani walifanywa nini mwishowe, mwanangu?"

Hilo nalo nililijua: waliuawa, na nchi yao ikatwaliwa. Nikatazama miguu yangu.

Hakuningoja. Aliinama mafigani na vijiti viwili, akachukua kaa moja dogo, akalitazama, akalirudisha. Akachagua matatu makubwa, mekundu hadi ndani, akayatia chunguni kwangu, na kifuniko akakiweka yeye mwenyewe, upande mmoja kikiwa wazi. Mimi nilidhani ni kwa sababu wana kuni nyingi.

"Mpelekee mama yako moto wa Wakanaani," alisema. "Na umwambie karibu."

Nyasi za mwisho zilipofungwa mama aliingia na chungu, akapiga magoti, akapuliza, moto ukashika. Baba aliingia akauona. Macho yake yakajaa maji. Akainua mikono, akamshukuru Mungu kwa moto uliotoka mafigani kwa mama yake, ukavuka mto Kuja, ukapita kwenye mvua, ukafika Kanaani bila kuzimika. Mama aliendelea kuupuliza moto ambao tayari ulikuwa unawaka.

Ningedhani mambo yangeishia hapo. Wapi! Ule moto ukawa ushuhuda wa baba. Kila mwaka, siku ya mavuno kanisani, alisimama akausimulia, na kila mwaka mvua ilizidi kuwa kubwa. Watu walipiga makofi. Mama aliangalia sakafu. Mimi niliona aibu mpaka masikioni, nikangoja boma lianguke, na boma halikuanguka. Dada yangu akazaliwa salama. Ng'ombe wakazaa. Mimi na Robi tulichota maji katika chemchemi ile mpaka tulipoolewa, na mama yake kila akiniona aliuliza, "Ule moto bado unawaka?" Nilimjibu, "Unawaka, Mama." Baba alipenda sana kuona jirani anavyojali.

Sasa turudi majuzi. Siku mbili baada ya ile harufu jikoni, Ochieng alinipigia simu. Wapima ardhi walikuwa wamepita, na ramani ikaiweka chemchemi upande wetu. Baba alikuwa amenunua seng'enge. Anataka kuwazibia majirani wa ng'ambo njia ya majini.

Msidhani baba yangu ni mtu mbaya. Ila uchaguzi unakaribia, na kila uchaguzi ukikaribia kuna mtu hupanda juu ya gari na kipaza sauti akatuambia Kanaani iko karibu, ila kuna watu wametuzuia njiani. Safari hii watu wenyewe walitajwa kwa kabila, na walikuwa majirani. Baba alimsikiliza, akaja nyumbani akahesabu nguzo za ua.

Nilisafiri kesho yake. Nilimkuta ameketi mlangoni, seng'enge imeviringishwa miguuni pake.

"Baba, wale watachota maji wapi?"

"Kwani ni mimi niliyechora ramani? Mungu alinipa mahali hapa, nyara. Hata moto ulishuhudia. Moto wa mama yangu haukuzima." Nyara ni binti yangu, na akiniita hivyo mimi huwa sina nguvu.

Nilitaka kunyamaza. Mtu wa miaka themanini, aliyefiwa na mkewe, ana nini kingine cha kushika? Ukimnyang'anya ushuhuda wake unambakizia kikohozi. Lakini niliiangalia ile seng'enge.

"Ulizima, Baba. Niliuzima mimi."

Nikamwambia yote. Mvua, sweta, mama kwenye matope, kijito. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Miaka yote hii nimesimama kanisani," alisema mwishowe, "na mama yako ananisikiliza."

"Alikuwa akiangalia chini, Baba."

"Nilidhani anaomba."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikalia. Akaningoja nimalize.

"Na ulimwambia yule mama kuwa wao ni Wakanaani."

"Ndivyo ulivyotufundisha."

"Na akakupa."

"Makaa matatu."

Alisugua goti. Kisha akauliza kile chungu kiko wapi. Kilikuwa nyuma ya jiko, kimepasuka mdomo, kuku wanatagia ndani. Akakikung'uta mwenyewe, akachukua fimbo, akashuka kwa ile njia aliyotaka kuiziba. Mimi na Ochieng tulimfuata kwa mbali. Alipumzika mara mbili kabla ya kijito, na kwenye chemchemi mara ya tatu.

Mama Robi siku hizi haoni vizuri. Alikuwa ameketi jikoni kwake, akasikia fimbo.

"Hodi," baba alisema.

"Karibu. Ni nani huyo?"

"Ni mimi jirani yako. Nimekuja kuomba moto."

Nikaona mabega ya yule bibi yanaanza kutikisika.

"Kwani nyinyi hamna kiberiti?"

"Tunacho," baba alisema, na ile sauti yake nene ikawa ndogo. "Lakini hakina kwao."

Akacheka, kicheko kilekile. Akapapasa vijiti vyake, akainama mafigani. Na mimi, nimesimama pale mlangoni na mvi zangu, ndipo nilipoelewa nilichokiona nikiwa na miaka tisa. Mama Robi naye alikuwa mtu wa kanisa. Hadithi ya Wakanaani aliijua hadi mwisho wake, alijua walichofanywa, na mtoto aliyekuja kumwita Mkanaani alikuwa amesimama mbele yake na chungu kilichozimika. Angeweza kunipa lile kaa dogo, nami ningeshukuru.

Sasa alikuwa hayaoni makaa. Aliyasogelea kwa kiganja, moja baada ya jingine, akipima joto, na yale madogo akayaacha.