Kabla Hujawasha, Ita

Ipo jioni moja ya kule kijijini Mofu, mwanangu, ambayo hunirudia kila fataki zinapoanza kulia hapa mtaani Viwanja Sitini. Nilikuwa msichana wakati huo, na wote tulikuwa bondeni, kila familia kwenye dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo tulichokaa kulindia mpunga.

Siku ya kumaliza mavuno tulikusanya mabua ya mpunga katikati ya mashamba, tukawasha moto. Ulikuwa moto mtamu, sikufichi. Tulitupa humo mianzi mibichi, na kila pingili ikipasuka, paa!, sisi wasichana tunapiga kelele kama tumeshtuka, kumbe tulikuwa tunaisubiri. Pembeni kambale anachomwa, wali wa mpunga mpya unanukia. Marehemu mume wangu, kabla hajawa mume wangu, alikata mwanzi mrefu kuliko wa wenzake wote ili nimwone tu. Nilimwona, nikajifanya sijamwona.

Lakini moto ule ulikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kuwasha, mtu alipanda juu ya kichuguu akaita kila dungu kwa jina la mwenyewe, nao wakaitikia, "Tupo!" Asiyeitikia alifuatwa hukohuko kwake, maana huenda anaumwa, huenda ana msiba moyoni na hataki makelele.

Mwaka ule tulikuwa na jirani mgeni, Mama Limi, Msukuma, mwenye mtoto mchanga. Mumewe alikuwa amepeleka ng'ombe upande wa Malinyi kutafuta malisho. Dungu lao lilikuwa la mwisho kabisa, karibu na matete. Mwitaji alipotaka kuita jina lake, vijana wakamkatisha.

"Huyo hajui hata kuitikia. Washa bwana, jua linazama!"

Tukawasha. Baadaye kidogo upepo ukageuka, sisi hatuna habari, tunapasua mianzi tu, na kati ya mlipuko mmoja na mwingine hakukuwa na nafasi ya kusikia chochote. Mara tukaona moto upande wa matete. Mtu akasema, "Eeh, na Mama Limi naye kawasha wa kwake!" Tukamshangilia, mwanangu. Dungu lake lilikuwa linaungua pamoja na mpunga wake wa mwaka mzima, yeye anaita watu wamwokoe na mtoto wake, na sisi tunampigia vigelegele.

Aliyeshtuka ni shangazi yangu Tabu, mwanamke mkali, asiyebembeleza mtu. "Moto gani wa sherehe unawaka juu ya paa?" Tukakimbia. Tulimkuta Mama Limi amekaa chini kwenye majaruba ya mpunga, mtoto mzima kifuani, mikono yake mwenyewe imebabuka. Hakututukana. Alisema tu, "Niliita sana."

Shangazi akatugeukia. "Mlimwita?"

Mmoja akajikaza, akasema yule mama hajui kuitikia.

"Si mngemfuata mkamfundisha? Neno lenyewe ni moja!"

Tulimchangia mpunga, kila nyumba, ukazidi hata ule ulioungua. Aliupokea, akashukuru. Mumewe aliporudi walihama, na msimu uliofuata pale kwao tulikuta nguzo nyeusi tu zimesimama. Niliona uchungu kuzitazama.

Sasa mimi ndiye wa nyumba ya mwisho. Mume wangu hayupo, wanangu wa kuwazaa wako mbali, salamu zao zinakuja kwa simu. Mkesha wa mwaka mpya uliopita, vijana wa mtaa walichoma matairi na kurusha fataki. Nilitoka kibarazani kuzitazama, maana bado nazipenda, hasa zile nyekundu zinazodondoka polepole. Ya kwanza ilipolia, mdomo wangu wenyewe ukasema, "Tupo!" Hakuna aliyekuwa ameniita. Nami nilikuwa peke yangu, hata hiyo "tupo" sijui nilikuwa namsemea nani. Moshi wa matairi ukanikaba kifua, nikaingia ndani nikafunga dirisha.

Mwanangu, sikwambii uache. Washa, ruka, cheka na wenzako. Mimi nilipata mume kwenye moto. Ila angalia upepo kwanza, angalia paa za watu, na zizi la ng'ombe, na nyumba yenye mtoto mchanga au mgonjwa. Matairi achana nayo kabisa. Na kabla hujawasha, pita milangoni uite, hata kwa yule unayedhani hataitikia. Ngoja mpaka umsikie. Sherehe ikikolea, nyamazeni kidogo, msikilize tena.

Mungu akupe mavuno mema, akuepushie mikono ya kuungua, akujalie mtu wa kukuita jina lako uzeeni. Ukifika kwangu ita kwa nguvu, masikio yamechoka. Nitaitikia.